Nundu Iliyotoka Kanoni

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki na kitenge cha mke wangu, na mkubwa wetu akasoma hotuba ambayo jina langu lilikosewa kila lilipotajwa. Sina kinyongo, kiti ni imara. Nimekikalia hapa barazani kwangu Bugene, naandika yale ambayo yule binti wa kitengo cha ramani aliniomba siku ile: mambo ya kazini ambayo hayamo kwenye mafaili. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, mishahara ilikuja kinyonge, na sijawahi kumwona kijana aliyejifunza kupima ardhi kwa kusikiliza habari hizo.

Nilianza kazi chini ya Mzee Laurian, mpima mkongwe wa wilaya, mtu mwembamba mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye shamba la migomba hapahapa Bugene, akanipa ncha ya mnyororo wa kupimia na kuniambia nirudi nyuma huku nauvuta mpaka aseme basi. Nilikuwa nimetoka chuoni na shati jeupe. Nikarudi nyuma kwa madaha mbele ya mwenye shamba, majirani zake na watoto wote wa mtaa, nikatumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe. Wenyewe huzipanga ndizi humo na kuzifunika kwa majani na udongo, na mgeni hawezi kujua kama anakanyaga ardhi au anakanyaga rubisi ya wiki ijayo. Nilizama hadi kiunoni. Mzee Laurian hakucheka, na wala hakunipa mkono. Alimgeukia karani wake akasema, "Andika: hapa pana shimo."

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunivuta kwanza. "Wewe ungetoka tu," akaniambia. "Lakini shimo usipoliandika siku unapoliona, kesho mwenyewe atakuapia kwamba halipo." Nilifua lile shati mara nyingi, halikurudi kuwa jeupe.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuhusu milamula. Nyie mliotoka mikoa mingine mmekwisha kuiona: ule mmea wenye majani marefu unaopandwa mipakani huku kwetu. Ukichomeka kijiti chake ardhini leo, kinaota, hata ukikichomeka kwa hila. Wazee wanauheshimu kuliko hati yoyote, na kwa sababu hiyohiyo wenye tamaa wanaupenda sana. Nimeona milamula iliyotembea kuliko mbuzi. Mzee Laurian alikuwa akifika kwenye mgogoro, hamsikilizi anayepiga kelele. Anazungusha macho, anauliza, "Nani hakuja?" Kisha anaenda kumfuata nyumbani kwake, na mara nyingi huko ndiko alikoukuta mpaka.

Kesi iliyonizeesha kuliko zote ilikuwa ya kijiji cha Kanoni, kati ya wazee wawili ambao ni binamu: Ta Bitegeko na Ta Kakuru, maana huku mzee wa heshima tunamwita Ta. Kila mmoja ana shamba lake zuri la migomba na kahawa, huyu upande huu wa bonde, yule ng'ambo ya pili kwenye kilima cha mbali. Waligombana kwa sababu ya kipande cha bondeni ambacho kilikuwa kinafaa kwa magimbi na vyura. Nilikipima nikiwa na tiodolaiti ya miguu mitatu, ile darubini ya zamani ya wapima ardhi, nzito kama ng'ombe aliyegoma. Nikakipima tena tulipoletewa jipiesi ya kupimia kwa setilaiti. Kila nikirudi, milamula imesogea na wazee wote wawili wananishika mkono kwa upole na kuniambia, "Bwana Ardhi, sisi hatujagusa kitu." Niliwapenda wote wawili, na kuna siku niliwaombea wahamie Murongo, wavuke mpaka wa Uganda moja kwa moja.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu nistaafu nilipopigiwa simu na Dokta Koku. Huyu ni binti wa Kanoni, nilimjua akiwa mtoto wa kumshikia baba yake kamba nilipompimia kiwanja. Akaenda shule, akaenda ng'ambo, akawa mtu wa kuchunguza nyota.

"Shikamoo, Ta Deo."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

"Narudi. Nina kazi ya kupima, nakutaka wewe."

"Shamba la nani?"

"Si shamba. Ni jiwe. Liko kati ya Mirihi na Mshtarii."

Nikamwambia kwamba kwa umbali huo ofisi haina posho.

Alipofika tulikaa kwenye hoteli ndogo pale Kayanga, akanieleza huku akila matoke kwa mikono yote miwili. Kati ya sayari hizo mbili kuna ukanda wa mawe yasiyohesabika yanayolizunguka jua. Hilo la kwake liligunduliwa miaka mingi iliyopita na watu wa mbali. Walipiga picha kipande kilekile cha anga, wakairudia, kisha wakazilinganisha picha: nyota zote zimekaa mahali pake, lakini kanukta kamoja kamehama. Nikamwambia hiyo naifahamu, hiyo ni Kanoni kabisa. Jiwe halikupewa jina. Lilipewa namba, kama kiwanja.

Yaliyojulikana juu yake yalikuwa machache. Kwa kuuchambua mwanga wake walijua kuwa ni jeusi kama mkaa. Kwa kuangalia linavyong'aa na kufifia walijua kuwa linajizungusha, na siku yake nzima, mchana na usiku, inakwisha kabla karani wa ofisi yetu hajarudi kutoka kunywa chai. Upana wake walikadiria kuwa ni mwendo wa mtu anayetoka asubuhi kwa miguu na kufika mchana. Umbo lake hakuna aliyelijua. Hata kwenye darubini kubwa linaonekana kuwa nukta tu. Masomo yote ya Koku yalikuwa juu ya jiwe hilo, na bila umbo hakuwa na cha kuwapelekea wakubwa wake.

Sasa, jioni moja, jiwe hilo lingepita mbele ya nyota fulani, na kivuli chake chembamba kingekatiza wilaya za Karagwe na Kyerwa. Anayesimama ndani ya kivuli ataiona nyota ikizimika kidogo, kisha ikiwaka tena. Ukiwapanga watu kwa mstari, vilima kwa vilima, kila mmoja na darubini ndogo yenye kamera na saa, kila mmoja anakupa mkato mmoja wa jiwe. Ukiipanga mikato hiyo juu ya ramani, unapata umbo. Lakini lazima ujue kila darubini ilisimama wapi. Hapo ndipo aliponihitaji mimi.

Nikavipima vituo vyote, kutoka Kanoni kupitia Bugene kuelekea kaskazini, na cha mwisho kikawa Murongo, nje kabisa ya kivuli, ili tuwe na uhakika kwamba huko hakuna kitu. Kila kituo nilikichomekea nondo fupi iliyopakwa rangi nyekundu na namba. Kituo cha Kanoni nilikiweka kwa Ta Bitegeko, kwenye kipande chake cha wazi ukingoni mwa kilima. Mke wake alinipa togwa. Yeye mwenyewe, nikaambiwa, amekwenda mnadani.

Jioni yenyewe ilikuwa msimu wa senene. Mvua ilikuwa imetoka kupiga na mawingu yanacheza na roho ya Koku. Hapa Bugene, jirani na darubini yetu, kulikuwa na bwana mmoja aliyewasha taa kali za kutegea senene, zinazofanya anga lionekane kama uwanja wa mpira. Nilimwomba azime kidogo. Akauliza nyota hiyo inaliwa? Nikamwambia hailiwi. Akasema basi na senene hawataki kusubiri. Mwishowe alizima kwa sababu Koku alimsalimia kwa Kinyambo kwa heshima zote, akamtajia ukoo wake, wakagundua kwamba ni mtu na mjomba wake. Giza likaingia. Mawingu yakafunguka. Nyota ikazimika mbele ya macho yangu, nikasahau kupumua, ikawaka tena. Nimepima ardhi maisha yangu yote na sikuwahi kutokwa na machozi hata mara moja, lakini hapo nilijifuta uso na kusingizia senene.

Murongo walipiga simu wakiwa wamenuna. Walikuwa hawajaona chochote. Koku aliwashukuru kuliko wote, jambo ambalo liliwachanganya zaidi.

Siku chache baadaye alinipigia akiwa anapiga kelele. "Ta Deo! Jiwe letu lina nundu!" Mikato yote ilikuwa imekaa vizuri na kutengeneza kitu kama kiazi, isipokuwa upande wa kusini. Huko Kanoni, mahali ambapo jiwe lilipaswa kuwa linaishia, nyota ilikuwa imezimika kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo palikuwa na kitu kikubwa kimechomoza. Wakubwa wake ng'ambo walifurahi. Walisema labda ni mawe mawili yaliyogongana na kushikana, na kwamba jina la Koku litasikika.

Nilimpongeza. Kisha nikakata simu, lakini furaha haikunikaa, kwa sababu nundu ilikuwa imetokea Kanoni. Sikuwahi kupata kitu kilichonyooka kutoka Kanoni.

Nikampigia Mwalimu Elia, aliyekuwa na darubini ya kituo hicho. Ni kijana wa Dodoma, alikuwa ameripoti shuleni juzijuzi tu. Alisema walifika jua linazama, wanakijiji wakawapeleka hadi kwenye nondo nyekundu yenye namba, wakafunga darubini, mambo yakaenda vizuri. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo hawakuhakiki mahali waliposimama, walitumia vipimo nilivyowapa mimi. Nikamuuliza mahali penyewe palikuwaje.

"Palikuwa na migomba, mzee."

"Mwalimu, Kanoni yote ina migomba."

"Basi palikuwa hapo."

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi kwa Ta Bitegeko. Nondo haipo. Hata tundu lake halipo, pamepandwa maharage. Ta Bitegeko alinitazama kwa macho ya mtu asiye na dhambi. "Kigingi gani, Bwana Ardhi?" Nikavuka bonde, nikapanda kilima cha ng'ambo, mwendo wa kutosha kuapiza, mpaka kwa Ta Kakuru. Nondo yangu nyekundu ilikuwa imesimama katikati ya shamba lake. Pembeni yake palikuwa na mlamula huku na mlamula kule, na miche mipya ya kahawa imepangwa kwa mistari mizuri kuizunguka.

Sikuhitaji mtu anieleze. Ta Bitegeko aliona nondo ya serikali, akadhani barabara inakuja kumlia shamba, akaibeba na kumpelekea adui yake. Ta Kakuru alipoamka na kuikuta, akadhani barabara inakuja na fidia yake, akaipandia kahawa ili ihesabiwe. Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo mara pekee ambayo alama ilihamishwa na pande zote mbili zikafurahi. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kulalamika ofisini.

Nilimpigia Koku na kumwambia ukweli. Kisha nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Aliuhamisha mkato wa Kanoni, akauweka kwa Ta Kakuru, kaskazini zaidi, katikati ya kituo cha pili na cha tatu, tulivyokuwa tumeviacha mbalimbali. Nundu ikatoweka. Mahali pake, ubavuni mwa jiwe, pakatokea bonde, kwa sababu hapo nyota ilikuwa imezimika kwa muda mfupi kuliko kwa majirani zake.

"Kwa hiyo si nundu," akasema.

"Kama nondo ilihama kabla ya jioni ile, si nundu. Kama ilihama baadaye, ni nundu."

"Na ilihama lini?"

Hapo ndipo tulipokwama. Ta Kakuru aliapa kwamba nondo ilikuwa kwake tangu siku ya kwanza na kwamba niliichomeka mimi mwenyewe, nikanywa na maji. Mtu akikiri kwamba iliokotwa, fidia imekwenda. Ta Bitegeko hakuwahi kuiona nondo maishani mwake. Akikubali kwamba anabeba alama za mipaka usiku au mchana, ile kesi ya bondeni ameshindwa. Wanakijiji waliomwongoza Mwalimu Elia walisema hawaingii kwenye ugomvi wa binamu, naye mwenyewe, kwa giza lile, hakuweza kutofautisha kilima na kilima. Wakubwa wa Koku walipoambiwa, walimjibu kwa adabu kwamba kama hawezi kuonyesha darubini ilisimama wapi, afute kituo cha Kanoni kabisa. Bila Kanoni, kiazi chake kilibaki na upande mzima usiojulikana. Aliniambia waziwazi kwamba akirudi bila upande huo, masomo yake yamerudi mwanzo. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nawatukana wazee wawili kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua.

Alikuwa amewaahidi watu wa Kanoni kwamba kabla hajaondoka atawaonyesha jiwe. Wakakusanyika darasani baada ya ibada ya Jumapili, Walutheri na Wakatoliki, na kreti za soda alizonunua yeye. Nilizungusha macho kama nilivyofundishwa, nikaona nani hakuja. Nikamfuata Ta Bitegeko nyumbani kwake.

"Njoo ulione jiwe."

"Nina kazi."

"Kuna soda."

Akachukua kofia yake.

Koku alichora ubaoni maumbo mawili. "Darubini ikiwa ilisimama kwa Ta Bitegeko, jiwe letu liko hivi, lina nundu. Ikiwa ilisimama kwa Ta Kakuru, liko hivi, lina shimo. Mojawapo ni uongo. Nisipojua ni lipi, Kanoni nzima naifuta, tunabaki kama watu ambao hawakuwepo."

Ta Kakuru akasimama, akarekebisha koti. "Shimo ni la kwangu. Lilipita juu ya kahawa yangu."

"Shimo lenyewe kubwa kiasi gani?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Ungeiweka Kayanga yote mle ndani," akasema Koku, "na Bugene ukaifunikia juu. Na kwa kadiri ninavyojua, hakuna binadamu aliyewahi kuliona kabla ya jioni ile."

Darasa likanguruma. Watu wakaanza kumpa Ta Kakuru mkono. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mwenyekiti akasema huenda jiwe likapewa jina, na kwa kuwa shimo lina mwenyewe, si vibaya jina la ukoo likafikiriwa. Ta Kakuru alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama askofu.

Nilikuwa namtazama Ta Bitegeko. Soda ilikuwa imeganda mdomoni mwake.

"La nani?" akauliza.

"La kwangu," akasema Ta Kakuru.

"La kwako wewe?" Ta Bitegeko alisimama, chupa mkononi. "Wewe umewahi kupata kitu gani bila jasho la mwenzako? Nani aliyekuletea hicho kigingi? Nani alikipakia kwenye baiskeli, akakifunika kwa mkungu wa ndizi, akasukuma bonde zima na kile kilima, siku ile ya mnada, wala hao watoto wa darubini hawajanusa hapa? Wewe umelala! Asubuhi unaamka una shimo angani! Shimo hilo ni langu, mimi ndiye niliyelipeleka pale!"

Mwenyekiti akaweka soda yake chini.

"Ta Bitegeko," akasema mwenyekiti taratibu, "hebu rudia hapo kwenye baiskeli."

Mzee akatazama watu, akatazama soda yake, akaelewa. Akakaa chini. "Basi, nimeshasema," akasema.

Hapo darasa lilipasuka kwa kicheko ambacho nadhani kilifika Uganda. Ta Kakuru naye akacheka, kisha akakumbuka fidia yake, akaacha. Koku alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba hacheki. Kanoni ilikuwa imebaki. Upande wa jiwe aliokuwa akiutafuta miaka yote ulikuwa pale ubaoni, mbele ya mashahidi wa kijiji kizima.

Alipojifuta macho alifungua kompyuta yake, vidole juu ya herufi, akanigeukia kama alivyokuwa akinigeukia utotoni akiwa ameshika kamba ya baba yake.

"Ta Deo, sasa niandike nini?"

Nilisikia harufu ya ndizi zilizoiva, na shati jeupe likanilowa upya mwilini.

"Andika," nikamwambia. "Hapa pana shimo."